Joho Jeupe Kwenye Sherehe ya Bwana Meng

Kidole cha Hakimu Lu kilikuwa bado pale pale kwenye orodha ya michezo. Hakikusogea.

"Huu," alisema tena. "Korongo Mweupe Arejea."

Wageni themanini wakapiga makofi. Korongo! Ndege wa maisha marefu! Mgeni wa heshima angechagua mchezo gani mwingine siku mwenye nyumba anapotimiza miaka sabini? Bwana Meng mwenyewe, kwenye kiti chake cha mbele, alicheka hadi mashavu yakamfunika macho.

Nyuma ya pazia, Mzee Fan alifumba macho yake. Alikuwa amechoka tangu asubuhi. Kusema kweli alikuwa amechoka tangu mwaka juzi, na sasa hili.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, nakupa kwa mkato. Mzee Fan Yulin ana miaka hamsini na tisa, mwigizaji wa kundi la nyumbani kwa Bwana Meng, hapa Suzhou. Usidhani ameajiriwa. Ni mali ya nyumba, kama vile viti na vikombe. Aliandikiwa hati akiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa njaa, baba yake alipomfikisha mlangoni kwa marehemu baba yake Bwana Meng. Hati hiyo hajawahi kuisoma. Lakini jana Bwana Meng alimwita akamwambia: sherehe ikiisha salama, bila doa, nakupa hati yako mkononi, uende zako Kunshan kwa binti yako ukapumzike. Binti ameshapaka chumba chokaa. Anachokitaka Mzee Fan katika dunia hii yote ni kulala ndani ya chumba kile bila kuamshwa na mtu.

Haya, twende.

"Pang!" aliita, macho bado yamefumba. "Mchezo huo umefikaje kwenye orodha yetu?"

Bwana Pang ndiye msimamizi wa kundi. Mtu mnene, mwepesi wa kuahidi. Jasho lilikuwa limeshamlowesha kola.

"Mzee, nilitaka orodha iwe ndefu kidogo. Kundi la nyumba ya pili lina michezo sitini. Sisi arobaini na tisa. Nikaona aibu."

"Ehe?"

"Nikakuta orodha ya zamani chini ya kasha la ndevu za bandia. Nikanakili kumi na mmoja, tukawa sitini. Nani angejua kwamba mtu ataichagua?"

"Mgeni anapewa orodha ili achague, Pang!" Huyo alikuwa Huang, mchekeshaji wa kundi, chokaa tayari imemkaa puani. "Ulidhani ataitumia kujipepea?"

"Unajua mchezo wenyewe unahusu nini?" Fan akauliza.

"Korongo. Si ndege wa heri?"

"Ni matanga," alisema Fan. "Mwanzo hadi mwisho ni matanga. Kijana msomi anasingiziwa na rafiki yake waliyekula naye kiapo cha udugu, anafia ugenini. Korongo anamletea baba mtu joho la marehemu. Jeupe, la msiba. Baba analivaa juu ya daraja, anamlilia mwanawe, halafu mwisho wa wimbo analitaja jina la msaliti mbele ya watu. Hapo ndipo mchezo unapoishia."

Pang alikalia ngoma bila kuangalia alichokalia. Nguo nyeupe ya msiba, kwenye sherehe ya mtu wa miaka sabini! Ni sawa na kumpeleka mzee wa watu kaburini akiwa bado anatafuna.

"Basi tumwombe Hakimu achague mwingine."

"Nenda kamwombe," alisema Huang. "Mwambie mbele ya watu themanini kwamba hajui alichochagua. Mimi nitakushikia kofia yako."

"Basi tumwambie Bwana Mkubwa!"

"Naye atauliza nani aliuandika kwenye orodha."

Mgeni akishachagua amechagua, ndivyo ilivyo kwenye nyumba zote za heshima, na hakuna kundi lililowahi kumrudisha mgeni likabaki na jina.

"Kuna jingine," Fan alisema. "Mchezo huu ulipigwa marufuku miaka thelathini iliyopita. Wakubwa walisema hilo joho jeupe linaililia enzi ya wafalme walioanguka. Mwandishi wake, Bwana Ruan, alifia gerezani."

Aliishia hapo. Kulikuwa na kipande cha habari hiyo ambacho hata Huang, aliyelala naye chumba kimoja miaka ishirini, hajawahi kukisikia.

"Sasa nani anaujua?" Huang akauliza.

"Mimi. Nimeucheza mara nne, halafu wakauchoma."

"Mungu wangu! Tumekwisha!" Pang alilia.

"Hatujakwisha, nyamaza. Tunacheza onyesho la daraja peke yake. Mpiga filimbi anifuate taratibu, nitampa njia. Huang, wewe ni mpiga kasia. Hutaleta joho jeupe. Utaleta lile jekundu la arusi, useme mtoto amefaulu mtihani na yuko njiani anarudi. Nami nitafurahi."

"Ukifurahi wewe watu watashtuka, Mzee. Sijakuona ukifurahi tangu nikufahamu."

"Nitajitahidi," alisema Fan, akaanza kufunga ndevu zake za mvi.

Dakika tatu baadaye alikuwa juu ya zulia jekundu, mbele ya meza zote. Kibao cha kupigia mapigo kikalia. Filimbi ikamtafuta, ikampata.

Akaimba.

Magoti yalimuuma. Mgongo ulimuuma. Lakini wimbo ulitoka, mstari baada ya mstari, kana kwamba miaka thelathini ni jana asubuhi, na hilo lilimtisha kuliko kusahau. Alikuwa ameomba kila mwaka ausahau. Mzee wa kwenye mchezo alisimama darajani akiutazama mto na kuuliza kila chombo kinachopita: umemwona mwanangu? Wageni wakaacha tambi zao za maisha marefu. Bibi mmoja kwenye meza ya pembeni akajipangusa macho na mkono wa nguo.

Hapo ndipo Fan alipomtazama Hakimu Lu.

Hakimu alikuwa ameinamisha kichwa. Kidole chake kilikuwa kikigonga goti, polepole. Kilikuwa kinagonga kabla ya kibao. Si pamoja nacho, wala baada yake. Kabla.

Mtu hawezi kulitangulia pigo la wimbo asioujua. Na wimbo huu ulichezwa mara nne tu, ukachomwa. Nani huyu?

Fan alitamani aache, aseme anaumwa. Lakini Huang alikuwa ameshaingia, kasia begani, anapepesuka kama aliyelewa divai ya mchele.

"Mzee wa darajani! Acha kulilia maji, yatajaa! Mwanao amefaulu! Amepita wote! Amekuletea joho hili, ananunua farasi, atafika kabla chai haijapoa!"

Joho jekundu likafunguka hewani. Vicheko, makofi. Fan akalipokea, akalikumbatia, akafurahi. Alifurahi kwa nguvu zake zote zilizobaki. Bwana Meng alipiga meza kwa raha, akamnong'oneza jirani yake kwamba hakuna mwigizaji kama yule kusini yote ya mto mkubwa.

Imepita, Fan alijiambia. Imepita. Kunshan.

Hakimu Lu akainua mkono.

"Rudieni," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Ninavyokumbuka mimi, joho ni jeupe."

Tonge la tambi lilidondoka mezani, likasikika.

Bwana Meng alijaribu kucheka. "Mheshimiwa anatania. Jeupe? Leo? Nyumbani kwangu?"

"Sitanii, Bwana Meng. Wala sikuja kwa ubaya. Nimehamishiwa mji huu mwezi jana, umenialika, nimekuja kula. Nimepewa orodha. Namba ya hamsini na nne nikakuta mchezo ambao niliambiwa hauko tena duniani." Aliiweka orodha mezani. "Mama yangu alikuwa akiuimba wimbo huu akifua nguo. Kwa siri, maji yakimwagika. Nina jina la Lu kwa sababu mjomba ndiye aliyenilea. Baba yangu aliitwa Ruan."

Kikombe cha Bwana Meng kilimwagika mezani. Miaka thelathini iliyopita yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mji huu. Ndiye aliyetia mhuri amri ya kumfunga Ruan.

Sasa utasema Bwana Meng amekwisha. Bado! Mtu hafiki sabini mwenye mali kwa kumwaga divai tu. Alitua kikombe, akainuka, akaja hadi ukingoni mwa zulia. Akatoa karatasi kwenye mkono wa nguo yake. Ya zamani, imekunjwa mara nne, rangi ya chai.

Fan hakuhitaji kuambiwa ni nini.

"Fan," alisema Bwana Meng kwa sauti ya wote. "Wewe ndiye mkongwe wa kundi. Mweleze mgeni wetu kwamba amechanganya na mchezo mwingine. Joho la mchezo huu ni jekundu. Limekuwa jekundu siku zote." Kisha akainama, akasema kwa chini, Fan peke yake akasikia. "Sema hivyo, uondoke leo leo. Ukisema vingine, nami nitasema nani aliniletea mswada wa Ruan."

Ndiyo. Hicho ndicho kipande ambacho Huang hakukijua.

Aliyeupeleka mswada ni Fan. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Bwana Ruan alimpa nakala aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu alimwamini na kwa sababu hakuna aliyemwigiza yule baba kama yeye. Siku moja Bwana Meng akamwita Fan, akamwonyesha karatasi hii hii, imekunjwa hivi hivi. Akamwambia: niletee ule mswada, nikupe hati yako. Fan akaupeleka. Mchezo haukuwa na jina la mwandishi; mwandiko ukatambuliwa. Ruan akachukuliwa akiwa mezani na mkewe. Na hati? "Mwakani," alisema Bwana Meng. Mwakani ikawa mwaka mwingine, ikawa thelathini.

Hakimu Lu alikuwa akingoja. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyesafiri sana na bado hajafika.

Jekundu. Neno moja tu. Alitamke, alale Kunshan.

Fan alifungua kinywa, na akagundua kwamba amechoka mno. Si magoti. Amechoka kulibeba jambo lile. Kuamka nalo, kupaka rangi juu yake, kuimba juu yake, kulala nalo. Alijiuliza ndani ya kile chumba cha chokaa angelala vipi, na jibu alikuwa nalo tangu zamani.

"Jeupe," alisema.

"Mzee!" Pang alipiga kelele nyuma ya pazia.

"Jeupe, Mheshimiwa. Nimedanganya kwa sababu ya sherehe. Na usihangaike kumuuliza Bwana Mkubwa, nakwambia mwenyewe. Mswada wa baba yako niliupeleka mimi, kwa mikono hii. Alinipa nimwigizie mzee wake, nikaenda nikamuuza."

Huang aliweka kasia chini. Alimtazama Fan kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

Hakimu Lu aliinuka. Alichukua muda mrefu kuinuka. "Uimbe mwisho wake," alisema. "Kama alivyouandika."

"Sina joho jeupe, Mheshimiwa."

"Una nguo ya ndani."

Fan aliteremsha joho jekundu, kisha kanzu ya mchezo. Ndani alivaa pamba nyeupe, ile waivaayo waigizaji wote kunyonya jasho, imechakaa kwenye viwiko. Akasimama hivyo juu ya zulia, kizee kimoja cheupe, kimekonda. Mpiga filimbi alikuwa akilia, hakuweza kupuliza. Fan akaimba bila filimbi.

Aliimba hadi mstari wa mwisho, pale ambapo baba analitaja jina la msaliti. Mchezoni jina ni la mtu wa kubuni. Fan hakulitaja hilo. Alivuta pumzi akaimba: "Fan Yulin."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Upuuzi mtupu!" Bwana Meng alifoka, shingo imevimba. "Mheshimiwa, umesikia maneno ya mtumwa! Sheria unaijua kuliko mimi. Mtumwa hana kauli dhidi ya bwana wake. Akifungua kinywa anachapwa, na alichosema hakiandikwi. Huyu ni wangu. Marehemu baba yangu alimwandikisha. Hati hii hapa, shika! Soma!"

Akaitupa mikononi mwa Hakimu, akakunja mikono kifuani.

Hakimu Lu akaikunjua. Akasoma kimya. Akafika mwisho, akarudi katikati. Nyusi zikakutana.

"Bwana Meng," alisema. "Wewe mwenyewe umewahi kuisoma?"

"Niisome ya nini? Ilikuwa kwenye kasha la baba!"

"Na wewe, Mzee?"

"Sijawahi kuonyeshwa zaidi ya mgongo wake, Mheshimiwa."

Hakimu akasoma kwa sauti. "'Fan Yulin, umri miaka kumi na mitatu, atatumika katika nyumba hii kwa muda wa miaka kumi. Miaka kumi ikitimia atarudi kwao, na hati hii haitakuwa na nguvu tena.'"

Bwana Meng alisogea aichungulie hati.

"Soma tena," alisema Fan.

Hakimu akasoma tena. Miaka kumi.

Mzee Fan alihesabu polepole, kama mtu anayehesabu vidole vyake baada ya kuanguka. Kumi na mitatu, na kumi. Ishirini na mitatu. Baba yake alikufa majira ya baridi yale yale alipomleta; hakubaki mtu wa kuja kumchukua. Siku alipoupeleka mswada alikuwa na ishirini na tisa. Alikuwa huru kwa miaka sita. Alimuuza Bwana Ruan ili apewe kitu alichokuwa nacho tayari.

Huang ndiye aliyemfikia wa kwanza, akamshika mabega.

"Mzee, umesikia?" Huang alimtikisa, machozi yanaichora chokaa. "U huru! Miaka yote hii! Hakuna wa kukuzuia, twende zetu Kunshan, nikubebe!"

"Niache, Huang." Fan alimtoa mkono polepole, akamgeukia Hakimu. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wa nyuma waliinuka ili wamsikie. "Mheshimiwa, kila usiku nilikuwa najiambia: ulikuwa mtumwa, ungefanya nini? Neno hilo ndilo nililolilalia. Sasa umeniondolea." Akapiga hatua moja mbele. "Aliyemuuza baba yako hakuwa mtumwa wa mtu. Nilifanya mwenyewe."

Akanyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, pamoja, tayari kwa kamba.

Hakimu Lu aliitazama mikono hiyo. Kisha akamtazama Bwana Meng, aliyekuwa amerudi nyuma hatua mbili, tatu, mgongo unautafuta mlango wa bustani. Mabwana na mabibi themanini walinyoosha shingo mbele ya tambi zilizopoa.

"Askari," Hakimu aliita.

Askari wa Hakimu, aliyekuwa mlangoni, akaja na kamba yake. Ilikuwa moja tu. Nani huja na kamba mbili kwenye sherehe?

"Mfunge."

Askari akatazama huku, akatazama kule.

"Yupi, Mheshimiwa?"